Pikipiki Iliyochaguliwa kwa Jicho la Mnadani

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa mlangoni kwangu, hapa Segese, nimemziba binti yangu Salome kwa mgongo, na mbele yangu amesimama shemeji yangu Mageni, fimbo mkononi, anasema amekuja kuchukua mtoto wa ukoo.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza asihangaike. Naitwa Bernadina, wengi wananiita Mama Salome. Mume wangu Charles alifukiwa ndani ya duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu huku kwetu, na kabla hata turubai la msiba halijarudishwa kwa mwenyewe, kaka yake mkubwa akafika kutoka Ushirombo. Mageni ni mtu wa ng'ombe. Ana zizi, ana sauti, na machoni pake mjane ni nyumba iliyoachwa wazi, lazima aje mtu wa ukoo afunge.

Basi pale mlangoni sikulia wala sikugombana. Nilimvutia kiti, nikamwekea ugali na sato. Mwanamume akiwa anatafuna, sauti inapungua.

Nikamweleza habari za Herman. Huyu Herman ana maduara kadhaa upande wa Bulyanhulu, na vijana wake wanakula mchana palepale shimoni. Aliyekuwa akiwapelekea chakula alihamia machimbo mengine. Herman alikuwa amenitumia salamu kwamba kazi ni yangu, ila chakula kifike cha moto, kila siku, na njia yenyewe ni ya mabonde na mawe. Bila pikipiki, sahau.

Mageni akanawa mikono polepole.

"Nitakuja siku nyingine twende wote kwa huyo Herman," akasema. "Nikisikia kwa mdomo wake kwamba una kazi, mtoto atabaki asome hapahapa. Nisiposikia, naondoka naye siku hiyohiyo. Sitarudi kuomba."

Salome alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Nilijua kwa sababu pazia lilikuwa limeacha kutikisika.

Sasa, kuendesha pikipiki sikuwa najua. Charles alinibeba miaka yote, mimi kazi yangu ikiwa kumshika kiuno na kumsimulia habari za watu. Ila nyumba yangu haikosi walimu. Nina vyumba vya kupangisha uani, na kibaraza changu jioni hujaa hadi wengine wanakalia ndoo. Mpangaji mmoja, Amosi, mchimbaji, alikuwa na pikipiki ndogo, fupi, imechakaa lakini tulivu. Mkewe Scolastika, ambaye ndiye mtu wangu wa kucheka naye tangu nihamie Segese, akamwambia Amosi anifundishe. Halikuwa ombi.

Tukaenda uwanja wa mpira. Amosi si mtu wa maneno mengi. Somo lake lote lilikuwa hili: gia za pikipiki yake zote ziko mbele. Shika klachi, kanyaga kwa mguu wa kushoto, achia. Ikianza kulalamika, kanyaga tena.

"Ikilia, kanyaga," akasema. "Ikilia tena, kanyaga tena. Basi. Umehitimu."

Nilianguka, nikainuka. Niligonga nguzo ya goli, watoto wakashangilia. Lakini siku zilivyosogea mguu wangu ukashika. Mtambo ukilia, mguu unakanyaga wenyewe, kichwa changu kikiwa kimeshafika sokoni.

Likaja suala la kununua. Hapo ndipo kibaraza kizima kikageuka bunge.

Mpangaji wa chumba cha mwisho alisema nikienda kwa Herman na kapikipiki kafupi wachimbaji watadhani nimeleta ubuyu. Mwingine akasema njia ya Bulyanhulu inataka kitu chenye miguu mirefu. Mwingine, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akaanza kututajia CC, mia na ngapi sijui, kama anayetaja majina ya wanawe.

Scolastika alikuwa anachambua mchele wa vitumbua vyake vya kesho. Akasubiri wamalize.

"Wewe una miguu mifupi, Mama Salome. Usijidanganye. Nunua kama hii ya Amosi, hiyohiyo, hata rangi hiyohiyo. Mguu wako umeshaizoea."

Watu wakacheka miguu yangu mpaka wakachoka. Nikacheka pia. Lakini moyoni nikakubali kwamba Scolastika ndiye aliyesema kitu.

Habari za kununua zikamfikia Mageni huko Ushirombo. Kwetu habari haihitaji nauli. Akatuma neno kwamba mjane haendi peke yake kununua mali. Hela nilizipata kwa kuuza sehemu ya Charles kwenye duara, kwa hiyo kwa hesabu za Mageni ilikuwa mali ya kaka yake, na yeye lazima aone inakogeukia. Tukakutana Kahama.

Duka lile lilikuwa na kijana anaitwa Davis. Shati limechomekwa, mdomo wa biashara, lakini nitamsemea ukweli: alijaribu. Kabla hajaniuliza nina kiasi gani aliniuliza nimeendesha nini, wapi, kwa muda gani. Nikamwambia ya Amosi, uwanjani. Akatikisa kichwa bila dharau, akanipeleka kwa pikipiki ndogo.

"Kalia," akasema. "Weka miguu yote chini. Nyayo zimegusa? Haya, ilaze kidogo kulia. Inyanyue. Umeweza? Sasa shuka uisukume mpaka mlangoni na kuirudisha."

Niliweza vyote. Miguu ilikaa chini bapa kama nimekaa kwenye kigoda changu cha jikoni. Gia zote mbele, kama ya Amosi. Davis akasema pikipiki ya kwanza ni ile ambayo ikikuzidi bado unaweza kuizuia kwa mguu wako. Ukishazoea, utarudi kuibadilisha.

Wakati huo Mageni hakuwa nasi. Alikuwa anazunguka nyingine.

Ilikuwa ndefu, nyekundu, imetumika kidogo, imesimama peke yake. Mageni aliizunguka kama anavyozunguka maksai mnadani. Akainama akaangalia miguu ya mbele. Akapiga tenki kofi, akasikiliza. Akaikandamiza siti kwa kiganja kama anayepima mafuta ya mgongoni. Nadhani ingekuwa na mdomo angeufungua ahesabu meno.

"Hii ina kifua," akasema. "Na nundu unaiona. Hii inavuta."

Davis akaja mbio kidogo. "Mzee, hiyo si ya kuanzia. Ni ya mtu aliyezoea."

"Nani kakwambia anaanza? Huyu ni mke wa Charles. Charles alikuwa anaendesha tangu hujazaliwa."

"Anayeendesha ni mama, mzee, siyo marehemu."

"Kijana, mimi nachagua ng'ombe wa kulima tangu nina akili. Ukichukua kadogo kwa sababu unakaogopa kakubwa, shamba linabaki nusu." Akanigeukia. "Au unataka kwenda kwa Herman na hiyo mbuzi?"

Ningeweza kusema hapana. Mdomo ninao, na Segese nzima inaujua. Lakini Davis alinisaidia kuipanda ile ndefu, nikajiona kwenye kioo cha dirisha la duka. Nilikuwa juu. Tangu msiba, watu walikuwa wananitazama kwa kuinamisha shingo, sauti ya pole, mkono begani. Yule mwanamke wa kwenye kioo hakuwa wa kupewa pole. Vidole tu ndivyo vilikuwa vinagusa sakafu, visigino vinaning'inia, nikaona si kitu.

Nikasema naitaka hii.

Davis akashusha pumzi. Akachuchumaa kando ya mguu wangu wa kushoto.

"Basi nisikilize, mama. Gia za hii siyo kama ulizojifunza. Ya kwanza unakanyaga. Zote zilizobaki unainua kwa kidole, hivi, kutoka chini. Ukisahau ukakanyaga ukiwa mwendoni, hairuki kwenda mbele. Inarudi chini. Na ikirudi chini ghafla itakurusha."

Nikamwambia nimeelewa. Kichwa kilikuwa kimeelewa kweli.

Siku za kwanza niliiendesha kwa adabu. Ya kwanza kanyaga, ya pili inua. Nilikuwa nasema kwa sauti kama anayekariri sala. Kusimama ndiyo ilikuwa balaa, kila nikisimama natafuta jiwe au tuta la kuwekea mguu. Scolastika alikuwa na meza yake ya vitumbua karibu na njia ya shule, na nikipita ananipigia kelele aniletee ngazi.

Jioni moja aliacha utani. Akaniambia niirudishe Kahama, nimwambie yule kijana anibadilishie. Nikamwambia shemeji ataniona mtoto.

"Akuone mtoto," akasema. "Wewe si unataka kumtunza mtoto?"

Nikabadilisha habari, nikamletea umbea wa yule mpangaji wa CC na binti wa mashine ya kusaga, akacheka, yakaisha.

Mageni akaja Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Kibaraza kilikuwa kimejaa. Akaamkiwa, akaitikia, hakukaa.

"Twende kwa Herman."

Scolastika, aliyekuwa amerudi kuchukua mafuta ya kukaangia, akamshauri achukue bodaboda, mimi nifuate. Akamwambia kwa heshima, mikono ikiwa mbele, kwamba Mama Salome hajawahi kubeba mtu na pikipiki hii.

Mageni akasema kama siwezi kumbeba yeye, masufuria ya watu nitayabebaje. Scolastika akabeba mafuta yake akarudi mezani kwake, na mimi nikawa naongeza petroli.

Nikatazama watu wote wale. Kila mtu alikuwa anatazama kwingine.

Nikapiga kiki.

Kabla hajapanda, Mageni aliniomba helmeti, helmeti yangu, pekee tuliyokuwa nayo. Akaivaa akashusha kioo chake cheusi mpaka kidevuni. Mpangaji mmoja akamuuliza kama anaona jua kali. Mimi nilijua sababu. Mtu mzima wa Ushirombo, mwenye zizi, hakutaka aonekane anapita katikati ya Segese nyuma ya mwanamke.

Akakaa kama gunia la mpunga. Pikipiki ikazama nyuma, mbele ikawa nyepesi. Vidole vyangu havikugusa tena chini sawasawa. Nikaondoka hivyohivyo.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kidole kinainua. Mageni nyuma hakunishika kiuno, alishika chuma cha siti, akawa anaugulia kila tuta. Baadaye akazoea, akaanza kuuliza kama hii ndiyo mbio yake yote, mbona kifua kile hakifanyi kazi.

Tulipokaribia njia ya shule, lori la mawe likatokea nyuma yetu. Likapiga honi. Njia pale ni nyembamba, vumbi limejaa. Likapiga honi tena, karibu zaidi.

"Kanyaga," Mageni akasema.

Nikaongeza mafuta. Mtambo ukalia.

"Kanyaga, mama. Litatukuta hili. Kanyaga."

Nawaambia ukweli, nimelifikiria neno hilo mpaka nimechoka. Angesema ongeza, angesema kimbia, angesema lolote jingine, labda leo ningekuwa nawasimulia mambo ya wapangaji wangu. Alisema kanyaga. Na mtambo ulikuwa unalia. Mguu wangu ukarudi uwanjani kwa Amosi.

Nikashika klachi, nikakanyaga, nikaachia. Ikaunguruma vibaya zaidi. Ikilia tena, kanyaga tena. Nikakanyaga tena.

Gurudumu la nyuma likakamata. Pikipiki ikateleza mkia kwenye changarawe kama ng'ombe aliyekatwa mguu. Nikatoa mguu kutafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Ilikuwa mbali.

Kilichofuata nilikiona kimoja kimoja. Meza ya vitumbua. Sare ya shule, mgongo wa Salome, ametoka kwa mapumziko, anapokea kitumbua chake. Scolastika anainua uso. Scolastika anamsukuma mtoto kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama anayemfukuza.

Halafu vumbi.

Lori halikusimama.

Nilipoinuka nilikuwa na michubuko tu. Salome alikuwa amekaa kwenye mfereji, mzima, kitumbua bado mkononi. Scolastika alikuwa amelala ubavu kando ya meza, macho wazi, ananitazama. Akajaribu kukaa. Akasema kifua kinabana. Akasema nimwangalizie jiko, mafuta yasimwagikie watoto.

Mageni alikuwa chini upande wa pili, mguu umegeuka kusiko. Watu wakaanza kujaa. Dereva mmoja wa bodaboda akamvua helmeti, akamtazama, akanitazama mimi, akacheka kidogo pamoja na kwamba si mahali pa kucheka.

"Mzee, ulibebwa na mama?"

Mageni akakunja uso. Jasho linamtiririka, mfupa umevunjika, lakini hilo ndilo lililomuuma.

"Nani kabebwa? Tulibadilishana njiani, nilikuwa naendesha mimi. Huyu alikuwa nyuma."

Akanitazama. Machoni hakukuwa na ukali. Alikuwa ananiomba.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Leseni sikuwa nayo, na mdomo wangu, ule unaojulikana Segese nzima, ulikauka.

Kwenye kituo cha afya walituweka chumba kimoja, wanaume huku, wanawake kule, pazia katikati. Trafiki akaja. Akamuuliza Mageni aliyekuwa anaendesha, na Mageni akarudia mbele ya wauguzi, mbele ya Amosi, mbele ya kila mtu: ni mimi. Leseni je? Ipo nyumbani Ushirombo. Trafiki akaandika, akasema atarudi kesho, kwa sababu yule mama wa vitumbua anaonekana ana nafuu, anaongea.

Alikuwa anaongea kweli. Nilimkalia kitandani, akanidai nimkune mgongo, akaniuliza nani kawaacha wateja wake bila vitumbua. Akaninong'oneza, "Ulikanyaga, siyo?" Nikakubali kwa kichwa. Akafumba macho. "Miguu mifupi," akasema.

Nilipopita upande wa pili Mageni akaniita.

"Shemeji, usiniaibishe," akasema chini chini. "Wakisikia Ushirombo kwamba nilibebwa na mwanamke nikavunjika mguu, nitakaa na nani? Nani atanisikiliza mnadani? Nyamaza tu. Ukinyamaza, Salome ni wako. Nasema mbele ya Mungu. Sitamfuata tena."

Nikamwangalia. Hilo ndilo jambo nililokuwa nalitafuta tangu turubai la msiba. Lilikuwa limelala pale kitandani, napewa bure.

Nikamwambia, "Nimesikia, shemeji."

Jioni Salome aliniuliza kwa nini watu wanasema baba mkubwa ndiye alikuwa anaendesha. Nikamwambia hayo ni mambo ya wakubwa, wameshaelewana. Akaniuliza kama yeye ataenda Ushirombo. Nikamwambia haendi. Akanikumbatia kwa nguvu hata michubuko ikaniuma, na sikumwambia aniachie.

Asubuhi nikapika uji, nikaubeba kwenye chupa kumpelekea Scolastika. Nilipofika geti nikamkuta Amosi amesimama nje, ameshika kandambili za mkewe. Alikuwa ameshika tu, moja kila mkono.

Damu ilikuwa inavujia ndani. Hakuna aliyeiona.

Wasomaji wangu, sitawaeleza nilivyolia. Nilianguka pale getini, chupa ikapasuka, uji ukamwagika, wanawake wakaninyanyua. Amosi hakulia. Alisema neno moja tu, kwa utulivu ule ule wa kufundishia gia. Alisema anataka kumwona aliyekuwa anaendesha.

Trafiki alirudi saa hiyo hiyo, safari hii na mwenzake mwenye pingu. Akamwambia Mageni mambo yamebadilika. Jana ilikuwa ajali, leo kuna maiti.

Mageni akajiinua kwa viwiko.

"Afande, sikuwa naendesha. Nilikuwa abiria."

"Jana dereva, leo abiria?"

"Jana nilisema kwa aibu. Mimi pikipiki siijui, sijawahi hata kuiwasha. Muulize huyu. Mama Salome, mwambie. Mwambie nani alikuwa mbele."

Wote wakanigeukia. Amosi alikuwa miguuni pa kitanda, kandambili bado mkononi.

Nilijua nikisema ukweli naondoka mimi na zile pingu, na Mageni akipona anapita nyumbani kuchukua mtoto. Atamchukua bila hata kubisha. Nikinyamaza, anaondoka yeye, na Salome anabaki kwangu. Hakukuwa na njia ya tatu. Nilitafuta.

"Alisema mwenyewe," nikajibu.

Mageni akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

Trafiki akataka kufunga maneno, lakini Amosi akamzuia. Akasema hataki mtu afungwe kwa ajili ya mke wake kama siye. Akasema yuko mtu aliyeona, alikuwa mezani na marehemu. Wakamwita Salome kutoka kwenye benchi la nje. Aliingia na sare yake ya jana, bado ina vumbi la mfereji. Akaja akanishika mkono.

Trafiki akachuchumaa. Alikuwa mpole, lazima niseme.

"Mwanangu, usiogope mtu. Pikipiki ilipokuja, nani alikuwa ameshika usukani?"

Salome hakunitazama. Alimtazama Amosi, halafu zile kandambili, halafu Mageni.

"Baba mkubwa," akasema. "Mama alikuwa nyuma."

Alisema vizuri, bila kigugumizi, kama anayejibu darasani.

Mabega ya Amosi yakashuka. Akainama, akamwekea mtoto mkono kichwani, mtoto yule ambaye mke wake alimsukuma kwa mikono miwili.

"Wabeja, mwanangu," akamshukuru kwa Kisukuma. "Umemsaidia mama yako Scola. Wabeja sana."



Mageni hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akajilaza taratibu, akatoa mkono mmoja kwa yule askari, na macho yake yakabaki kwangu.

"Kaa naye, shemeji," akasema. "Mtoto ni wako kabisa sasa. Umeshamfundisha."

Pingu ikalia kwenye chuma cha kitanda.

Salome alikuwa anajikunyata chini ya mkono ule. Amosi bado anampapasa kichwa, bado anamshukuru.

"Afande," nikasema.

Trafiki akageuka. "Unasemaje, mama?"

Salome akazamisha kucha zake kwenye kiganja changu, akaminya, akaminya kwa nguvu zake zote nisiseme.